Hakimu Kabla ya Msikilizaji: Mazingira ya Kijamii na Afya ya Akili ya Kijana Balehe katika Rosa Mistika na Kilio Chetu, Usomaji kutoka Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mazingira ya kijamii yanavyoiathiri afya ya akili ya kijana balehe katika kazi mbili za fasihi ya Kiswahili: riwaya ya Rosa Mistika (Kezilahabi, 1971) na tamthiliya ya Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation. Uhakiki wa kazi hizi, hususani ule wa shuleni, umezoea kuyaorodhesha mazingira kama visababishi vya anguko la mhusika: umaskini, ulevi, tamaa na malezi mabaya. Makala inadai kwamba orodha hiyo inaliacha kando swali la msingi: kijana anapoumia, jamii yake imemweka nani wa kumsikiliza? Kwa kuongozwa na Nadharia ya Ekolojia ya Makuzi ya Bronfenbrenner (1979), na kwa kuzisoma kazi hizi sambamba na taasisi za kijamii za Wamatengo wa Mbinga na wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, makala inaonesha kwamba wahusika vijana hukutana na hakimu kabla ya kukutana na msikilizaji. Inaonesha pia kwamba msamiati wa Kiswahili unaotumika kuitaja dhiki ya moyo unachangia hali hiyo. Makala inapendekeza usomaji unaoanza na uhusiano wa mhusika na wanaomzunguka badala ya kuanza na kosa lake.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania wameisoma tamthiliya ya Kilio Chetu kama kitabu cha kutahiniwa. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini Suzi alipata mimba na Joti akafa kwa UKIMWI, jibu analolijua ni moja: malezi mabaya. Jibu hilo si la uongo, na linampatia alama. Hata hivyo, mwalimu yeyote aliyesahihisha majibu ya namna hiyo kwa miaka kadhaa ataona jambo la kushangaza. Mwandishi wa jibu ana umri uleule wa Suzi na Joti, lakini huwazungumzia kwa sauti ya mzee wa baraza. Huwahukumu, kisha huhitimisha kwa kuishauri jamii. Ni nadra kumkuta mwanafunzi aliyejiuliza Suzi alijisikiaje usiku ule alipotambua kwamba ni mjamzito, na kwamba nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Makala hii inalichukulia pengo hilo kuwa tatizo la kihakiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ulimwenguni anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwa kipimo hicho, darasa la wanafunzi 50 linalojadili anguko la Suzi huenda likawa na wanafunzi saba ambao suala la Suzi kwao si la kitabuni. Namna tunavyowafundisha kumsoma mhusika anayeumia ni namna tunavyowafundisha kujisoma wenyewe na kusomana.

Usomaji huu umejengwa katika eneo mahususi: Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa ambao tangu 2012 umekuwa Wilaya ya Nyasa, makao makuu yake yakiwa Mbamba Bay. Hatudai kwamba vijana wa huko wanaumia kuliko wa kwingine. Sababu za kulichagua eneo hili ni mbili. Kwanza, kuna ulinganifu wa mandhari. Rosa wa Kezilahabi anatoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria chenye historia ndefu ya misheni ya Kikatoliki. Msomaji wa Liuli, Lituhi au Litembo naye amekulia kati ya ziwa, mlima, kanisa na shule, na anaitambua nyumba ya Zakaria na Regina bila kuhitaji maelezo. Pili, Wamatengo wanajulikana kwa taasisi ya kijamii iitwayo sengu, ambayo inatupatia kipimo cha kuulizia jambo ambalo kazi hizi mbili hazina.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Urie Bronfenbrenner (1979) aliyaeleza makuzi ya mtoto kama jambo linalotokea ndani ya miduara iliyozungukana. Mduara wa ndani kabisa ni wa watu anaokutana nao ana kwa ana: wazazi, ndugu, walimu, marafiki. Mduara unaofuata ni wa mahusiano baina ya makundi hayo, kwa mfano mzazi na mwalimu kuzungumza au kutozungumza. Nje yake kuna taasisi ambazo mtoto haingii lakini zinamgusa, kama vile kazi ya mzazi na maamuzi ya serikali. Mduara wa nje kabisa ni wa imani, sheria na desturi zinazoipa miduara mingine maana.

Uhakiki wetu wa shuleni umekuwa ukiyatumia mazingira kwa maana ya mduara wa tatu na wa nne: uchumi, mfumo dume, mgongano wa mila na usasa. Hizo ni hoja nzito. Ila nguvu ya nadharia hii imo katika mduara wa pili ambao hutajwa kwa nadra, yaani ule wa mahusiano. Umaskini haumfikii kijana moja kwa moja. Humfikia kupitia baba aliyenyamaza mezani, mwalimu aliyemrudisha nyumbani mbele ya wenzake, au shangazi aliyekuwa akimtembelea na sasa hana nauli. Watoto wawili wa umaskini uleule wanaweza kukua tofauti kwa sababu mmoja ana mtu mzima wa tatu, asiye mzazi wala mwalimu, anayeweza kumwendea. Katika makala hii mtu huyo tunamwita msikilizaji. Kinyume chake ni hakimu: mtu au taasisi inayopokea habari za kijana ili kuamua kosa na adhabu.

3.0 Kutoka Sengu hadi Geto

Katika maandishi machache ya Kiswahili kuhusu Wamatengo, kitabu cha Ndunguru (1972) kuhusu historia, mila na desturi zao kina nafasi ya pekee. Wasomaji wa sayansi ya kilimo wanawafahamu Wamatengo kwa ngoro, yaani mashimo ya kilimo yanayozuia mmomonyoko kwenye miteremko mikali. Taasisi ya sengu inafahamika kidogo zaidi. Katika sengu, wanaume wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mzee wao, kila mke akileta chakula alichokipika. Baada ya kula walizungumza mambo ya ukoo, na vijana wa kiume walisikiliza, wakafundishwa, wakaonywa na kutatuliwa migogoro yao. Kumbukumbu ya taasisi hiyo haikufa. Mradi wa maendeleo vijijini wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ulipofanya kazi wilayani Mbinga kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kamati ya wanakijiji huko Kindimba iliitwa Sengu, jina ambalo kila mtu alilielewa bila kufafanuliwa.

Kwa mtazamo wa afya ya akili, jambo muhimu katika sengu ni kwamba kijana alikuwa na zaidi ya baba mmoja. Baba mkali au mlevi hakuwa mlango pekee wa kuingilia utu uzima. Babu na baba wadogo walimwona kijana kila siku. Aliyekosa hamu ya chakula alionekana, na aliyekaa kimya siku tatu aliulizwa.

Mwambaoni, kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa njia nyingine na ngoma za vikundi. Mganda wa wanaume, wenye asili katika ngoma za beni zilizoiga gwaride la kijeshi, uliwapa vijana sare, vyeo na wajibu. Ranger (1975) amezieleza ngoma za jamii hiyo kama taasisi kamili za kijamii. Kioda kiliwapa wanawake uwanja wao. Mwenye cheo katika kikundi akikosekana mazoezini, kikundi kilimtafuta.

Hatupaswi kuipamba sengu kupita kiasi. Ilikuwa ya wanaume. Msichana hakuketi pale, na mashauri yaliyomhusu yaliweza kuamuliwa bila yeye kusema neno. Aidha, mzee aliyesikiliza ndiye aliyehukumu. Hata kwa mvulana, umbali kati ya msikilizaji na hakimu ulikuwa mfupi. Kwa hiyo hatuitumii sengu kama paradiso iliyopotea, bali kama ushahidi kwamba jamii inaweza kuuratibu usikilizaji: ikaupa mahali, muda na watu.

Tujiulize sasa kijana wa leo ana nini. Upanuzi wa shule za kata uliotokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004 hadi 2009 ulifungua milango kwa maelfu ya vijana wa vijijini, na faida yake haina shaka. Lakini katika maeneo ya milima, ambako shule ya kata inaweza kuwa mabonde mawili mbali na nyumbani, wanafunzi wengi hupanga vyumba karibu na shule. Vyumba hivyo wao wenyewe huviita geto. Mvulana au msichana wa miaka 14 huishi humo Jumatatu hadi Ijumaa, akijipikia na kujilaza mwenyewe. Mwambaoni, mvulana anaweza kuutumia usiku kuvua usipa kwa taa na mchana kuuanika mchangani, akalala palepale kambini. Katika sehemu zote mbili kijana ana marafiki wengi, ila mtu mzima aliye naye jioni ni mwenye nyumba anayedai kodi au mwenye mtumbwi anayehesabu mavuno. Sengu ilikuwa na meza iliyojaa, ilhali geto lina sufuria moja. Hayo ndiyo mazingira ambamo Rosa Mistika na Kilio Chetu hufunguliwa na kusomwa.

4.0 Msamiati wa Dhiki

Kijana wa getoni akitaka kusema kwamba anaumia, atatumia maneno gani? Swali hili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kitabibu. Yoneda (1996) ameonesha jinsi Kiswahili kinavyoenea katika maeneo ya matumizi yaliyokuwa ya Kimatengo. Kuenea huko kumewaunganisha vijana wa Mbinga na wenzao wa nchi nzima. Pamoja na hayo, kunaweza kumwacha kijana na lugha ya shule kwa ajili ya maumivu, na babu yake na lugha ya nyumbani kwa ajili ya faraja, wakawa wanasalimiana vizuri lakini hawafiki kwenye undani.

Kiswahili chenyewe kina njia kuu tatu za kuitaja dhiki. Ya kwanza ni ya viungo vya mwili: moyo mzito, roho kuuma, kichwa kujaa. Ni njia ya zamani na yenye heshima. Anayesema moyo wake ni mzito hajitangazi kuwa mgonjwa wala mkosefu. Anaomba msaada wa kuubeba. Ya pili ni ya fikra. Katika Kiswahili cha Tanzania, kusema kwamba fulani ana mawazo si kumsifu kwa hekima, bali ni kueleza kwamba anasumbuka. Kutokana na matumizi hayo ya mtaani istilahi ya msongo wa mawazo ilipata kukubalika kwa urahisi, kwa kuwa iliungana na usemi uliokuwapo. Ya tatu ni ya kuvuka mpaka: kichaa, wazimu, kurukwa na akili. Hapa mtu hutolewa katika kundi la watu wa kawaida. Hata jina la hospitali ya Mirembe ya Dodoma, taasisi ya tiba inayostahili heshima, limegeuzwa katika mazungumzo ya mitaani kuwa tusi la kumwondoa mtu katika mjadala.

Kati ya njia ya pili na ya tatu pana pengo kubwa. Ugonjwa wa huzuni ya kudumu umepewa istilahi ya sonona, kutokana na kitenzi sonona chenye maana ya kuuma au kutia uchungu, ambacho ndugu yake sononeka hutumiwa kwa huzuni ya moyo. Kisemantiki ni uteuzi mzuri. Kijamii, istilahi hiyo ina jirani asiyependeza, kisonono, ambaye wanafunzi wa umri huo humkumbuka haraka, na darasa linaweza kuangua kicheko pale ambapo lilipaswa kusikiliza. Matokeo yake ni kwamba kijana anayeumia hujikuta na uchaguzi wa aina mbili: aseme ana mawazo tu, ambayo kila mtu anayo na hayahitaji hatua, au ahesabiwe kichaa. Hana neno la katikati linalosema kwamba hali yake ni nzito na bado yeye ni mtu wa kwao. Hapo ndipo fasihi ilipaswa kumsaidia, kwa sababu fasihi inaweza kuyaeleza yale ambayo istilahi imeshindwa kuyataja.

5.0 Rosa Mistika: Jina, Barua na Mahakama

Rosa Mistika ilipotoka 1971 ilionekana kuvuka mipaka ya staha na ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Mjadala uliofuata ulihusu maadili, na uhakiki mwingi wa baadaye umeendelea kukaa katika uwanja huohuo, ukiitetea riwaya kwamba inafundisha maadili badala ya kuyabomoa. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba suala ni tabia ya Rosa. Sisi tunaanza mahali pengine: ni nani katika riwaya hii anayemsikiliza Rosa?

Tuanze na jina. Rosa Mistika ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania yake. Msomaji wa Mbinga, ambako Jimbo Katoliki lilianzishwa 1986 juu ya misingi iliyowekwa na Wabenediktini wa Peramiho, anaisikia sifa hiyo kabla ya kulifungua jalada. Kwa maneno mengine, mduara wa nje kabisa wa Bronfenbrenner, ule wa imani, umeingizwa ndani ya jina la msichana. Anadaiwa usafi tangu kubatizwa. Jina linalopaswa kumlinda linageuka kuwa kipimo ambacho kila mtu atakishika mkononi anapomtazama.

Tukio la barua ndilo kiini cha usomaji wetu. Zakaria, baba mlevi aliyewahi kuwa mwalimu, anaigundua barua ya Charles kwa binti yake na kumpiga vibaya. Uhakiki wa kawaida huliita tukio hili malezi ya ukali. Ni kweli, lakini tutazame kilichopigwa. Barua ni mazungumzo ya kwanza ya Rosa na mtu wa nje ya familia, na ni mara ya kwanza hisia zake zinaandikwa na kujibiwa. Zakaria anapoiadhibu, hamfundishi Rosa kuwaogopa wavulana tu. Anamfundisha kwamba kuwa na jambo moyoni na kulifikisha kwa mtu ni hatia. Rosa anakwenda shule ya wasichana huko Mwanza akiwa amelishika somo hilo. Mwanzoni anawakimbia wanaume. Baadaye, chini ya macho ya wenzake na mbele ya wanaume wenye cheo, anaugeukia mwenendo ambao unafika kilele chake chuoni Morogoro. Wahakiki wameona hapa mabadiliko makubwa ya tabia. Sisi tunaona mwendelezo: katika hatua zote mbili Rosa hana lugha ya kusema anachotaka wala anachokiogopa, na mwili wake ndio unaozungumza kwa niaba yake.

Regina, mama yake, ni mwenye huruma. Angeweza kuwa msikilizaji. Lakini naye anapigwa katika nyumba ileile, na mtu anayejificha ngumi hana nafasi ya kumficha mwingine. Huu ni mduara wa pili kwa uwazi wake wote: uhusiano kati ya baba na mama ndio unaoamua kama uhusiano kati ya mama na binti unaweza kubeba siri. Walimu na viongozi wa taasisi anazopitia Rosa humwona kwa namna mbili tu, mwanafunzi wa kuadhibiwa au msichana wa kutamaniwa. Namagondo ina watu wazima wengi. Hakuna hata mmoja aliyepewa wajibu wa kumuuliza msichana huyu kwa nini amebadilika.

Charles, aliyeandika barua ya kwanza, anarudi mwishoni. Rosa ametulia na amekuwa mwalimu. Kama kuna mtu ambaye mazungumzo yale yaliyovunjwa yangeweza kuendelezwa naye, ni huyu. Badala yake Charles anamkataa kwa sababu hana ubikira, na Rosa anajiua. Mtumaji wa barua amegeuka hakimu wa mwisho. Tunasisitiza hapa kwamba riwaya haimuui Rosa kwa ajili ya dhambi zake, kama wasomaji wa maadili walivyopenda kuamini. Inamwonesha akifa baada ya mlango wa mwisho wa kusikilizwa kufungwa, katika kipindi ambacho tayari alikuwa ametulia.

Kezilahabi hakuishia hapo. Baada ya kifo, riwaya inatupeleka mbele ya Mungu, ambako lawama zinajadiliwa. Mwisho huo umewasumbua wahakiki kwa kuonekana kuihama riwaya ya kihalisia. Kwa usomaji wetu, ni hitimisho lenye mantiki ya kutisha. Mahali pa kwanza ambapo Rosa anayasema yake na baba yake analazimika kuyasikia ni mahakamani, tena baada ya wote wawili kuwa wafu. Hata mbinguni, kikao kinachomsikiliza kimewekwa kwa ajili ya kuhukumu. Mwandishi alikuwa ameona kwamba mazingira aliyoyachora hayakuwa na chumba kingine cha mazungumzo isipokuwa mahakama.

Mwangwi wa jambo hili upo katika sheria yetu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ijapokuwa nchi ina Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inayolenga matibabu na hifadhi. Kijana aliyenusurika anaweza kufikiwa na hospitali, na vilevile na kituo cha polisi. Familia inayolijua hilo huficha, na kufichwa kwa tukio ni kufichwa kwa mtoto.

6.0 Kilio Chetu: Ujumbe Uliomzidi Mhusika

Kilio Chetu iliandikwa kwa lengo la wazi: kuwahimiza wazazi wawape vijana elimu ya jinsia katika zama za UKIMWI. Tofauti na Rosa Mistika, tamthiliya hii inamjua msikilizaji na inamweka jukwaani. Mjomba anatetea kwamba vijana waambiwe ukweli. Anna, aliyefundishwa nyumbani, anasimama imara pale ambapo rafiki yake Suzi anayumba. Uteuzi wa mjomba haukuwa wa bahati. Katika jamii nyingi za Kibantu, mjomba ni mtu mzima wa tatu kwa desturi, aliye karibu kiasi cha kuaminiwa na mbali kiasi cha kutotisha.

Hata hivyo, mazungumzo makuu ya tamthiliya kuhusu vijana hufanyika baina ya wazee. Wanabishana kuhusu nini waambiwe watoto. Hawawaulizi watoto wanahisi nini. Elimu inayotetewa ni ya kutoa taarifa, inayotoka juu kwenda chini. Ni muhimu na imeokoa maisha. Lakini kumwambia kijana si kumsikiliza. Anna ameambiwa vizuri, na Suzi hakuambiwa. Hakuna kati yao aliyeulizwa.

Udhaifu huu unaonekana zaidi mwishoni. Mimba ya Suzi na kifo cha Joti vinawasilishwa kama uthibitisho wa hoja ya Mjomba, na majuto ya wazazi ndiyo yanayopewa nafasi. Suzi anabaki hai, akiwa amempoteza kijana aliyempenda, na akiwa mjamzito katika kipindi ambacho kanuni za shule ziliruhusu mwanafunzi wa hali hiyo kufukuzwa. Hofu yake ya kuwa huenda ameambukizwa, aibu yake na msiba wake vilistahili onesho zima. Tamthiliya imeshapata funzo lake na inafunga pazia. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 umewarudishia wasichana wa namna hii haki ya kuendelea na masomo. Mwalimu anayefundisha Kilio Chetu leo anaweza kuwa na Suzi halisi katika dawati la mbele, na kitabu hakimpi neno hata moja la kumwambia.

Fasihi simulizi ilikuwa imefika mbali zaidi. Katika ngano inayojulikana pwani na bara, msichana anakamatwa na zimwi na kutiwa ndani ya ngoma. Zimwi linazunguka vijijini likijipatia chakula kwa ngoma inayoimba, hadi linapofika kwa wazazi wa msichana, nao wanaitambua sauti. Ngano hiyo haipotezi muda kuuliza kama msichana alikosea kubaki nyuma ya wenzake. Wokovu wake unatokana na jambo moja: vijiji vyote vilisikia wimbo, ila nyumba moja ilisikia mtoto. Joseph Mbele, mwana wa Litembo aliyezikusanya ngano za kwao katika Matengo Folktales (1999), ametukumbusha kwamba masimulizi hayo ni falsafa ya jamii wala si michezo ya watoto. Tamthiliya za ujumbe zingeweza kujifunza kwazo kwamba kilio hakiwi chetu mpaka mwenye kukitoa atambuliwe.

7.0 Hitimisho

Makala hii imedai kwamba mazingira ya kijamii huiathiri afya ya akili ya kijana hasa kwa kumpa au kumnyima msikilizaji, na kwamba Rosa Mistika na Kilio Chetu, kila moja kwa njia yake, zinachora jamii ambamo hakimu hufika kwanza. Kezilahabi alilijua hilo na akalifanya muundo wa riwaya yake hadi ukurasa wa mwisho. Kilio Chetu ililisogelea, kisha ujumbe ukaizidi nguvu.

Usomaji kutoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa umetuonesha pia kwamba usikilizaji si suala la wema wa mtu binafsi peke yake. Sengu na mganda vilikuwa na mahali, ratiba na watu wenye wajibu. Kasoro zao, hasa kumwacha msichana nje, zinatuzuia kuzirejesha zilivyokuwa. Lakini zinatuzuia vilevile kuamini kwamba kijana wa getoni atasikilizwa kwa bahati tu, bila jamii kukaa na kuamua ni nani atakayemsikiliza, wapi na lini.

Kwa upande wa taaluma yetu, pendekezo ni dogo na linaweza kuanza muhula ujao. Swali la mtihani linaloanza na kosa la mhusika lisindikizwe na swali linaloanza na uhusiano wake: nani alijua, nani aliuliza, nani angeweza kuuliza na hakuuliza? Mwanafunzi anayejibu maswali hayo kuhusu Rosa bado atajifunza dhamira, muundo na mtindo. Pamoja na hayo, atakuwa amepewa lugha ya katikati, ile inayokosekana kati ya mawazo na wazimu. Anayeihitaji ataitumia kwa ajili yake mwenyewe, na asiyeihitaji ataitumia siku atakapoona rafiki yake wa chumba cha pili amekaa kimya kwa siku tatu.